Simu ya Marehemu

Bilbao, 3 Februari 2024

Shangazi Eduvigis,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mzee wako Ceferino na magoti yake. Mimi sijambo. Mvua ya huku haijui kupumzika, na kazi ni ile ile ya kupokea simu za watu na kupiga chapa barua za mawakili. Najua simu yako umeifungia kabatini kwa ajili ya matanga, ndiyo maana naandika kwa mkono kama watu wa zamani. Usinicheke mwandiko.

Najua pia mmesema juu yangu. Nilikaa mazikoni siku mbili, ya tatu nikapanda basi. Semeni tu, mna haki.

Jambo lililonifanya niandike ni hili. Kesi aliyofungua baba mwezi wa Oktoba haijafa naye. Wakili Olalla anasema mtoto anaweza kuiendeleza. Wewe ulikuwepo siku ile kule Badajoz, unayakumbuka yote: nyumba ya chini, isiyo na ngazi, hatua chache kutoka hospitali. Dalali alimkubalia baba kwa simu. Mlipofika wenyewe akatazama kofia yake na fimbo yake, alama za wazee wetu, akasema nyumba imeshachukuliwa. Baada ya saa moja Bi Fermina wa duka la mikate, ambaye ni mpayo kama dalali, si mtu wetu, akampigia, na yeye akaambiwa aje kuiona. Jioni dalali akamtumia baba ule ujumbe wa sauti, kwamba asichukie, ila majirani hawataki Wagitano kama sisi kwenye jengo.

Angeipata nyumba ile, asingesafiri kilomita themanini mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu. Mafuriko ya Januari yasingemkuta upande usio na daraja, akakosa kusafishwa damu hadi akatutoka.

Wakili aliusikia ujumbe ule ofisini kwake, lakini hawezi kuwa shahidi wa mteja wake mwenyewe. Inatakiwa simu yenyewe. Nakuomba uitume kwa rejista. Usimpe wakili, iletwe kwangu kwanza, nami nitampelekea.

Jina la baba sijaliandika. Miiko yetu bado naikumbuka.

Mwanao,
Zoraida


Fuente del Mulo, 25 Februari 2024

Zoraida mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mwandiko wako si mbaya. Wangu ndio wa kuku, nao nimeujifunzia kanisani nikiwa na miaka arobaini, kwa hiyo nivumilie.

Huku tunaendelea na matanga. Televisheni tumeigeuza uso ukutani, na kila siku ya mpira Mzee Ceferino anakumbuka kwamba chumvi imetuishia, anakwenda kuiomba kwa jirani kwa muda wa dakika tisini. Sasa tuna chumvi ya kumkausha ng'ombe mzima. Ndevu hajanyoa, hilo namsifu. Harusi ya binti wa Jairo wetu imesogezwa hadi mwakani; mama wa bwana harusi amenuna, lakini atafanyaje?

Alhamisi naenda gulioni na soksi zangu na nguo za ndani. Tatizo ni kwamba sauti ya kunadi sina, si vizuri kupiga kelele nikiwa nimevaa nyeusi. Nasimama kimya nyuma ya meza. Wateja wanadhani nimesusa.

Unakula? Mara ya mwisho ulikuwa umekonda, hata nguo za msiba zilikuning'inia. Chemsha maharage na shamari kama nilivyokufundisha, acha vyakula vya makopo.

Miaka sita uko huko na sijui nyumba yako ina madirisha mangapi. Siku moja niambie.

Shangazi yako


Bilbao, 4 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo tena. Nimecheka habari ya chumvi, mara ya kwanza kucheka tangu Januari. Msalimie Mzee.

Umenijibu kila kitu isipokuwa nilichouliza. Simu iko wapi?

Nikueleze ili uone umuhimu wake. Zamani ilibidi mtu aliyebaguliwa athibitishe kilichokuwa moyoni mwa aliyembagua, na nani awezaye kumpasua mtu akaonyesha moyo wake? Sheria ya sasa, hii ya mwaka 2022 na ile ya Ulaya nzima iliyo nyuma yake, haidai hivyo. Unaleta dalili za kuaminika, basi. Ukishazileta, mzigo unahama: sasa ni yeye dalali athibitishe kwamba hakubagua. Naziona sheria hizi mezani kwangu kila siku, Shangazi, na mara nyingi watu wetu wanashindwa kwa kukosa kikaratasi kimoja tu. Sisi hatukukosa. Sisi tuna sauti yake mwenyewe.

Dalali anasema amebadilisha simu na hana kumbukumbu. Kwa hiyo imebaki ya baba peke yake.

Nijibu upesi, tafadhali. Na usisahau, ije kwangu.

Zoraida


Fuente del Mulo, 19 Aprili 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya Pasaka, halafu kwa sababu ya mafua, halafu sababu zikaniishia. Mzee anakusalimu. Micheri ya bondeni imechanua na kumaliza, wala hatukwenda kuiona.

Simu haipo. Tuliichoma.

Siku ya tisa tulitoa vitu vyake vyote uani, kama tulivyofanya kwa babu yako, na kama mimi nitakavyofanyiwa. Kofia, fimbo, godoro, viatu, kiti chake, kikombe, redio, picha. Ceferino ndiye aliyewasha. Ungekuwepo ungeona, lakini ulikuwa umeshaondoka. Simu ilikuwa mfukoni mwa koti lake, na koti likaenda.

Cha maiti hakikai nyumbani kwa walio hai, unalijua hilo tangu hujaota meno. Nyumba ikiwa na sauti yake, yeye atapumzika lini?

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimekuambia sasa. Nilishika kalamu mara nne kabla ya leo.

Shangazi yako


Bilbao, 24 Aprili 2024

Shangazi,

Salamu kwa wote.

Nimesoma. Sina la kusema kuhusu kofia na fimbo. Hivyo ni vyake. Lakini ile simu ilikuwa ushahidi mahakamani. Aliyetaka iteketee kuliko watu wote ni dalali, na mmemfanyia kazi yake bure, kwa heshima na kwa machozi.

Wapayo wakituuliza kwa nini hatushindi kesi, nitawaambia tunachoma wenyewe?

Wakili anasema limebaki jambo moja. Wewe ulisimama mlangoni ukasikia kwa masikio yako, na Bi Fermina yuko tayari kueleza alivyopiga simu. Uje utoe ushahidi. Nadhani hilo nakudai, au wewe unanidai, sijui tena.

Zoraida


Fuente del Mulo, 30 Mei 2024

Zoraida,

Umeandika kwa hasira na umesahau shikamoo. Nimekuitikia hata hivyo: marahaba.

Mzee ameanguka bafuni, si vibaya, amevimba mkono. Joto limeanza mapema. Gulioni wameniletea jirani mpya wa meza, mpayo kijana anayeuza jibini, ananiita bibi na kunigawia makombo. Nayala.

Nitakuja kwa hakimu. Mwambie wakili nitavaa nyeusi na sitaivua, na jina la marehemu halitatoka kinywani mwangu. Akitaka ushahidi wa namna hiyo, atanipata. Umesema mzigo unahama. Huenda unahama vitabuni. Katika barabara ya Badajoz ulibaki begani mwake, na mimi nilikuwa nikimfungia mkate kwenye kitambaa saa kumi na moja alfajiri.

Na wewe utakuja? Kesi ina jina lako.

Shangazi yako


Bilbao, 2 Septemba 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe barua ile. Pole kwa Mzee na mkono wake. Mimi mzima, nimepata jino la kung'oa.

Kesi itasikilizwa tarehe 19, saa nne. Wakili Olalla atakungojea kwenye ngazi za mahakama. Sema tu uliyoyaona, polepole, na usigombane na mtu.

Mimi sitaweza kuja. Kazini tumepungukiwa watu, na wakili anasema si lazima niwepo, ananiwakilisha. Na waandishi wa magazeti huwa wanakaa pale, wanapiga picha watu wakitoka. Sipendi mambo hayo.

Asante, Shangazi. Kweli.

Zoraida


Fuente del Mulo, 27 Septemba 2024

Mwanangu,

Marahaba. Mkono wa Mzee umepona na ulimi wake pia, analalamika vizuri kabisa.

Nimekwenda. Kiti chako kilikuwa kitupu mbele yangu, na asiyekuwepo na lake halipo, ila leo nitakusimulia.

Hakimu ni mwanamke mwenye miwani ya kamba. Akaniuliza kwa adabu, "Mama, siku hiyo ulifuatana na nani?"

Nikasema, "Na kaka yangu."

"Jina lake?"

Nikanyamaza. Akarudia, nikanyamaza. Wakili wa dalali, kijana kanyooka kama shati jipya, akasimama: "Mheshimiwa, shahidi hata jina la kaka yake halijui."

Nikamwambia, "Wewe mtoto, nilimbeba mgongoni kabla mama yako hajajua kama atakuzaa. Ninalijua. Kwetu aliyekufa hatajwi, basi."

Watu wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Hakimu akafikiri, kisha akasema karani alisome na mimi niitikie kwa kichwa. Karani akalisoma. Mwanangu, miezi minane sikuwa nimelisikia. Nikaitikia, halafu wakaniletea maji.

Nikaeleza yote: mlango, macho ya dalali, kofia. Dalali mwenyewe alikuwa pale, amenisalimu vizuri, ameuliza hali yangu. Akasema nyumba ilichukuliwa asubuhi ile na muuguzi mmoja, akatoa karatasi yenye sahihi. Bi Fermina maskini alieleza vizuri hadi walipomuuliza alipiga kuhusu nyumba namba ngapi. Kumbe dalali alikuwa na nyumba tatu mtaa ule ule. Bi Fermina akasema hakumbuki namba, yeye anauza mikate.

Mwisho wakaniuliza ujumbe wa sauti uko wapi. Nikasema tuliuchoma pamoja na vitu vyake. Yule kijana akatabasamu. Hakimu akauliza, "Mama, ulipochoma simu, ulijua kwamba ujumbe umo ndani?"

Nikasema, "Nilijua."

Karani akaandika hivyo.

Wakili Olalla alinisindikiza hadi kituo cha basi, kisha akaninunulia chungwa. Kijana mwema.

Shangazi yako


Bilbao, 11 Novemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini wote wazima.

Hukumu imetoka. Tumeshindwa. Hakimu ameandika kwamba ushahidi wako ni wa kweli na wa heshima, lakini dalili zilizoletwa hazikutosha kuuhamisha mzigo. Ameandika pia, na haya nayanakili, kwamba ujumbe wa sauti, kama ungekuwepo, ungebadili sura ya shauri zima. Maana yake tungeshinda. Kwa mara moja katika maisha ya mtu yule, karatasi yenye mhuri ingesema kwamba alichofanyiwa pale mlangoni ni kosa, na kwamba si yeye aliyejiletea.

Nilidhani mlichoma kwa kutojua. Nilijipa moyo hivyo miezi yote hii: wazee, desturi, simu ilikuwa kwenye koti. Kumbe ulijua. Umemwambia hakimu ulijua.

Sitaki habari za gulio wala za chumvi. Niambie kwa nini ulifanya vile. Kama hutaki kuniambia, usiniandikie tena.

Zoraida


Fuente del Mulo, 8 Desemba 2024

Zoraida mwanangu,

Nilitaka kufa nalo hili, na bado naona ingekuwa afadhali. Lakini umesema nisikuandikie tena, na mimi mtoto wa kaka yangu nina mmoja tu.

Ile simu ilikuwa na sauti mbili.

Ya dalali baba yako aliisikiliza mara ya kwanza mezani kwangu, na ya pili mbele ya wakili. Zaidi ya hapo hakuigusa. Alisema maneno kama yale ameyasikia tangu ana kimo cha meza, hayana jipya.

Ya pili ilikuwa yako, ya kiangazi cha mwaka jana, madaktari walipomwambia sasa ni mara tatu kwa wiki, naye akakuuliza kama anaweza kuja kukaa kwako Bilbao. Unajua ulichomjibu, sina haja ya kukiandika. Nami nilikisikia, kwa sababu alikuwa akikisikiliza kila siku ya hospitali, amekaa kwenye kiti cha nyuma cha gari, simu sikioni. Nilimsindikiza mara nyingi, najua. Siku moja nilimkemea, nikamwambia futa hiyo, unajitesa bure. Akaniambia, "Hapigi tena, Eduvigis. Hii ndiyo sauti yake niliyo nayo. Hapo mwanzoni ananiita baba."

Hakukulaumu. Mimi nilikulaumu, sikufichi. Yeye alisema mtoto ana nyumba, asiipoteze kwa sababu ya mzee mwenye fimbo. Ndipo akaanza kutafuta nyumba Badajoz.

Sasa fikiri. Simu ingeenda mahakamani, wangeifungua yote. Yule kijana kanyooka angeisimamisha sauti yako katikati ya chumba na kumwambia hakimu: tazama, hata binti yake wa kumzaa alimkataza mlango kwa sababu ile ile, mnataka nini kwa mteja wangu? Wangecheka, safari hii kwa ubaya. Na gazeti lingeandika. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, Zoraida, na ya walio hai pia. Siku ya tisa nilikuwa na simu mkononi na koti liko chini. Niliitia mwenyewe mfukoni, nikafunga kifungo.

Ulipoandika iletwe kwako kwanza, usimpe wakili, nilielewa kwamba na wewe unakumbuka.

Nimepoteza kesi ya kaka yangu. Ningeulizwa leo ningeipoteza tena. Ila nakuomba usiniambie tena kwamba nilimfanyia kazi dalali.

Ni Desemba na baridi imeingia. Vaa soksi, nimeweka jozi sita kwenye bahasha kubwa.

Shangazi yako


Bilbao, 20 Januari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa ile niliyoisahau. Soksi zimefika, ninazo miguuni. Jana ilitimia mwaka mzima tangu tumpoteze. Najua mlikwenda makaburini na sikuwepo, lakini leo nina sababu ya kukueleza.

Nilimwambia, "Baba, usije. Mwenye nyumba hajui mimi ni nani, na ukija na kofia yako na fimbo yako atajua mara moja. Subiri kidogo." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Nilitaka simu ije kwangu ili nifute hayo na kubakiza ya dalali. Nilifikiri nikishinda ile kesi, ya kwangu itakuwa imefutika pia. Magazeti sikuyaogopa kwa sababu ya kazi. Niliogopa ghorofa ya chini, anakokaa mwenye nyumba. Nisamehe, Shangazi. Sijui kama inasameheka, lakini nakuomba.

Jana jioni sikuweza kukaa peke yangu. Nilishuka kwake. Anaitwa Bi Karmele, mjane, ana miaka sabini na mitano, na kwa miaka saba sasa tunasalimiana kwenye ngazi na kuzungumza habari za mvua. Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nikamwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, "Mimi ni Mgitano."

Akaniangalia kama mtu anayesubiri sentensi iendelee. Akasema, "Haya. Kaa basi, unanizibia taa."

Nikakaa. Nikamwambia leo ni mwaka tangu baba yangu afariki. Akaniuliza aliugua nini, nikamweleza figo, na mashine, na kilomita themanini kwenda na themanini kurudi. Akasikiliza huku anachambua. Kisha akaacha.

Akasema, "Sasa kwa nini hukumleta hapa? Hospitali si hiyo, vituo viwili vya tramu."

Nikaokota haragwe lililoanguka chini. Akadhani labda nilifikiria ngazi za kwangu, maana ni ghorofa ya tatu na hakuna lifti. Akafuta mikono, akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya jiko. Kuna chumba pale, Shangazi. Kina mlango wake wa kutokea barabarani, hakina ngazi hata moja. Alikuwa akikaa mumewe alipokuwa mgonjwa, na tangu afariki kimekaa bure. Akasema, "Ungeniambia tu, mtoto."

Kina kitanda kilichotandikwa. Nilikaa juu yake hadi aliponiita tule.

Zoraida